Kodi au Tozo? Mkulima katika Mjadala wa Tabianchi tangu Toronto 1988

Mwezi Juni 1988 jiji letu la Toronto lilipokea mikutano miwili mikubwa, mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa wa viongozi wa nchi saba tajiri, waliokutana tarehe 19 hadi 21 katika jumba la mikutano la Front Street. Miongoni mwa waliyokubaliana ni kuzipunguzia nchi maskini mzigo wa madeni, na utaratibu huo ukapewa jina la jiji, Masharti ya Toronto. Wa pili ulianza tarehe 27 ukamalizika tarehe 30. Ulikusanya watu zaidi ya 300 kutoka nchi 46, wanasayansi, wanasiasa na watumishi wa serikali, kuzungumzia anga inayobadilika na athari zake kwa usalama wa dunia. Huu wa pili ndio tunaoushughulikia hapa, kwa sababu ni mmoja wa mikutano ya kwanza ya kimataifa kulitoa suala la mvua na shamba katika maabara na kuliweka mezani kwa wanasiasa. Na lilipofika mezani lilikuwa limeshafungamana na swali moja gumu: nani alipe?

Tumeona vema kuandika historia hii kwa sababu anayefuatilia siasa za Kanada katika miaka hii ya karibuni atadhani kwamba mjadala wa tabianchi na kilimo ni mjadala wa bei ya gesi ya kukaushia mahindi. Ni mjadala wa haki kabisa, na tutauheshimu hapa chini kwa kuueleza kwa urefu. Lakini haukuanza hivyo. Ulianza na ukame, na waliouanzisha walikuwa na habari za mkulima wa Kitui na Dodoma kama walivyokuwa na habari za mkulima wa Saskatchewan. Tunadhani inafaa kujua ni wapi njiani yule wa kwanza alishushwa.

Mwaka 1988 ulikuwa wa joto na ukame mkali Amerika Kaskazini. Katika nyanda za ngano za magharibi mwa Kanada mavuno yalishuka vibaya, na kusini ya mpaka mahindi ya Wamarekani yaliungulia shambani. Tarehe 23 Juni, siku nne tu kabla ya mkutano wa Toronto, mwanasayansi James Hansen wa NASA aliwaambia maseneta mjini Washington kwamba ongezeko la joto duniani si jambo la kungojewa, limeshaanza. Wajumbe walifika Toronto habari hiyo ikiwa bado ya moto magazetini.

Mwenyekiti alikuwa Stephen Lewis, wakati huo balozi wa Kanada katika Umoja wa Mataifa, ambaye Waafrika wengi walikuja kumfahamu baadaye kama mjumbe maalumu wa Umoja huo kuhusu UKIMWI barani Afrika. Waziri Mkuu Brian Mulroney alihutubia, na Waziri Mkuu wa Norwei, Gro Harlem Brundtland, vilevile. Tamko la mwisho lilikuwa na maneno mazito kuliko kawaida ya wanadiplomasia: lilifananisha hali ilivyo na jaribio ambalo binadamu analifanya bila kulikusudia wala kulidhibiti, na madhara yake likayaweka nyuma ya vita vya nyuklia tu. Chakula kilitajwa waziwazi. Tamko lilionya juu ya mmomonyoko wa udongo na mavuno yasiyotabirika, hasa katika sehemu za dunia zilizo dhaifu.

Kisha yakaja mapendekezo. Lile linalokumbukwa ni la kupunguza gesi ya kaboni kwa asilimia 20 ifikapo 2005, ukilinganisha na kiwango cha 1988. Lililosahauliwa ni jingine: uundwe mfuko wa dunia wa kuilinda anga, na sehemu ya fedha zake itokane na tozo juu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyotumiwa na nchi zenye viwanda. Yaani wazo la kutoza nishati chafu kwa ajili ya tabianchi, ambalo miaka thelathini baadaye lingewagombanisha Wakanada hadi Mahakama ya Juu, lilitolewa hapa hapa Toronto, na lilipotolewa mlipaji aliyekusudiwa alikuwa nchi tajiri.

Kabla hatujaifuata safari ya tozo hiyo, turudi nyuma miaka hamsini zaidi. Swali la nani alipe hali ya hewa inapomgeuka mkulima lilikuwa limeshaulizwa Kanada na Kenya katika muongo mmoja, na majibu yalipishana kama mbingu na ardhi.

Katika miaka ya 1930 nyanda za Amerika Kaskazini zilikauka, upepo ukaubeba udongo wa juu, na familia nyingi zikayahama mashamba. Mwaka 1935 serikali ya Kanada iliunda chombo maalumu cha kuyafufua mashamba ya nyanda hizo. Kilisaidia kuchimba maelfu ya malambo, kikagawa miche ya miti ya kukinga upepo, kikayageuza mashamba yaliyochoka kuwa malisho ya pamoja. Sehemu kubwa ya mzigo ikabebwa na hazina ya taifa. (Kwa haki tuseme pia kwamba ardhi hiyo walowezi waliipata baada ya wenyeji wa asili kusukumiwa kwenye maeneo waliyotengewa, na deni hilo halikuwamo katika hesabu.)

Habari za vumbi la Amerika zilifika Nairobi na kuwatia hofu maofisa wa kikoloni. Waliitazama Machakos, wakaona makorongo na vilima vilivyobaki vitupu, wakaamua kwamba kosa ni la Wakamba kufuga ng'ombe wengi mno. Kwamba malisho ya Wakamba yalikuwa yamebanwa na mashamba ya walowezi hawakulipa uzito ule ule. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwalazimisha watu wauze mifugo yao, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilichofunguliwa Athi River kilikuwa kinangojea ng'ombe wa bei rahisi. Sayansi ya udongo ilikuwa ile ile iliyotumika Saskatchewan. Tofauti ni kwamba kule serikali ilitoa fedha, na huku ilichukua ng'ombe.

Mwezi Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association. Walikaa huko wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji wa lazima wa mifugo ukaachwa. Wasomaji wetu wanaoijua Nairobi wamepita mara nyingi katika barabara yenye jina lake, pengine bila kujua kwamba ilipewa jina la mtu aliyeishinda serikali katika mgogoro wa mazingira.

Tunaomba wasomaji wazingatie jambo moja. Wakamba hawakuwa wakibisha kwamba udongo wao unakwenda na maji. Waliuona kila mvua ikinyesha. Walichokataa ni kulipia peke yao hasara ambayo hawakuisababisha peke yao. Ushahidi wa hilo ni yaliyofuata. Baada ya uhuru, wakulima wa Machakos walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa wingi mno, kwa mikono yao na kwa vikundi vyao vya mwethya, hata utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki uliochapishwa 1994 ukaonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa na mmomonyoko ukapungua. Aina ya matuta waliyoipenda zaidi ni ile ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Jina lake katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima, vya Kiingereza vikiwemo, ni "fanya juu". Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna kila sababu ya kujivunia kwamba neno letu moja lilipata uprofesa bila kusoma.

Huko Tanganyika hadithi ilijirudia. Milima ya Uluguru ilipolazimishwa matuta na Waingereza, watu walifanya fujo mwaka 1955, na mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilivuna wanachama katika hasira kama hizo.

Sasa turudi Toronto. Halmashauri ya jiji ililichukua lile lengo la asilimia 20 kwa uzito kuliko serikali kuu. Mwaka 1990 ilijiwekea lengo hilo, ikawa miongoni mwa miji ya kwanza duniani kufanya hivyo, na 1991 ikaanzisha mfuko wake wa anga ambao unafanya kazi mpaka leo. Ottawa ilikwenda kwa maneno zaidi. Kanada ilitia saini Rio mwaka 1992, ikaahidi Kyoto mwaka 1997 kupunguza gesi zake kwa asilimia 6 chini ya kiwango cha 1990, kisha ikachukua miaka mitano kubishana kama iridhie au isiridhie.

Mwaka wa uamuzi ulikuwa 2002, na hapa historia ilifanya jambo la ajabu kidogo. Ukame wa 2001 na 2002 ulikuwa mmoja wa ukame mbaya kabisa kuwahi kuonekana katika nyanda za magharibi. Wafugaji wa Alberta na Saskatchewan waliishiwa malisho wakaanza kuuza ng'ombe wa uzazi. Mwezi Julai wakulima wa eneo la Ottawa walianza kukusanya marobota ya nyasi kavu, zile ambazo wafugaji wa kwetu wanaziita hei, ili kuwasaidia wenzao. Harakati ikaenea Ontario na majimbo ya mashariki, na hei ikasafirishwa kwa mabehewa ya treni maelfu ya kilomita kuelekea magharibi. Ikaitwa Hay West. Na katika miezi hiyo hiyo serikali ya Alberta chini ya Ralph Klein ilikuwa inaongoza upinzani mkali kabisa dhidi ya Kyoto, ikisema mkataba ungeua uchumi wa mafuta. Waziri Mkuu Jean Chrétien aliuridhia mwezi Desemba 2002 hata hivyo. Hei na hoja zilipishana njiani, na katika kelele za Kyoto ni nadra kumsikia mwanasiasa akiziunganisha.

Miaka kumi baadaye treni iligeuza uelekeo. Mwezi Desemba 2011 serikali ya Stephen Harper ilitangaza kujitoa katika Kyoto, kwa kuwa gesi za Kanada zilikuwa zimeongezeka badala ya kupungua. Kujitoa kulikamilika Desemba 2012. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwezi Machi 2012, joto la ghafla kama la kiangazi liliichanua miti ya matunda ya Ontario kabla ya wakati. Mwezi Aprili baridi kali ikarudi, ikaua maua, na karibu asilimia 80 ya mavuno ya tufaha ya jimbo yakapotea. Kiangazi kikafuata na ukame. Safari hii wafugaji wa Ontario ndio waliokosa malisho, na wakulima wa magharibi, wakikumbuka wema wa 2002, wakawatumia hei. Ikaitwa Hay East.

Tumeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu yanaonyesha kitu ambacho hotuba za bungeni hazikionyeshi. Wakulima wa nchi hii wameshalipia tabianchi kwa mikono yao, na kwa ukarimu. Lakini hasara hizo ziliitwa majanga ya asili, zikashughulikiwa na bima na misaada, wakati suala la gesi liliitwa siasa. Vitu hivyo viwili viliwekwa katika makabati tofauti. Kosa hilo, kwa maoni yetu, ndilo lililozaa ugomvi wa baadaye.

Ugomvi wenyewe ulianza 2018. Bunge la Ottawa, chini ya serikali ya Justin Trudeau, lilipitisha sheria ya kutoza bei ya kaboni katika kila jimbo lisilokuwa na utaratibu wake. Ontario ilikuwa nao tangu Januari 2017, lakini Doug Ford aliposhinda uchaguzi Juni 2018 akaufuta. Hivyo tarehe 1 Aprili 2019 tozo ya shirikisho ikaanza Ontario, dola 20 kwa tani, na sehemu kubwa ya fedha ikawa inarudishwa kwa kaya. Ford alienda mahakamani, akaamuru pia vituo vya mafuta vibandike stika za kuilaani tozo. Stika hizo baadaye ziliangushwa na mahakama.

Wanachama wetu wanaopenda mambo ya istilahi wasikose hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 25 Machi 2021. Majaji sita kwa watatu waliamua kwamba sheria ni halali, na sehemu ya ubishi ilikuwa kama malipo haya ni kodi au ni tozo ya udhibiti, inayolenga kubadili mwenendo wa watu wala si kujaza hazina. Majaji wengi walisema ni tozo. Kiswahili kina utajiri hapa, kodi, ushuru, tozo, ada, na Watanzania waliobishania tozo za miamala ya simu mwaka 2021 wanajua kwamba kubadili jina hakupunguzi makato. Wapinzani wa Trudeau nao walilijua hilo. Waliendelea kuiita kodi, na baadaye kiongozi wa Wahafidhina, Pierre Poilievre, akaifanya kaulimbiu ya kuifyeka kodi kuwa wimbo wa kila mkutano.

Mkulima alikuwa wapi katika haya? Petroli na dizeli ya matrekta vilisamehewa tangu mwanzo. Vitalu nyumba vilipata nafuu ya asilimia 80. Kilichobaki ni gesi asilia na propani za kupashia joto mabanda ya kuku na nguruwe na, zaidi ya yote, za kukaushia nafaka.

Hapa inabidi tueleze kilimo kidogo. Mahindi ya Ontario huvunwa kuanzia Oktoba, mara nyingi yakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20. Ili yahifadhiwe salama lazima unyevu ushuke hadi karibu asilimia 15. Jua la Novemba la huku tunalijua sote, halikaushi hata nguo. Kwa hiyo mkulima huwasha mashine inayopuliza hewa iliyopashwa moto kwa propani au gesi asilia. Vuli ikiwa na mvua nyingi, gesi inayotumika ni nyingi zaidi. Na mahindi yakichelewa kukauka huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu. Mwaka 2018 mahindi ya kusini magharibi mwa Ontario yalishambuliwa vibaya na sumukuvu ya aina hiyo baada ya mvua za mwisho wa msimu, na wakulima wengine walikosa mnunuzi. Mwaka uliofuata vuli ilikuwa ya mvua tena, na mwezi Novemba wafanyakazi wa reli ya CN wakagoma, propani ikawa adimu Ontario na Quebec, mahindi yakabaki shambani yakinyeshewa. Huo ndio mwaka wa kwanza wa tozo.

Mtu akiyatazama hayo kwa macho ya mkulima, hasira yake inaeleweka. Tozo inataka umwogopeshe mtumiaji ili aache propani atumie kitu kingine, na kitu kingine chenyewe kwa mkaushaji wa nafaka hakikuwa kimeingia sokoni kwa bei ya kununulika. Mwaka 2019 tozo ya propani ilikuwa senti 3.10 kwa lita. Kufikia Aprili 2024 ilikuwa senti 12.38. Ni kweli kwamba Ottawa ilianza kuwarudishia wakulima sehemu ya fedha kupitia nafuu ya kodi ya mapato kwa mwaka 2021 na kuendelea, lakini nafuu hiyo ilipimwa kwa gharama zote za shamba, haikumfuata aliyekausha zaidi.

Muswada wa kwanza wa kuwasamehe, C-206, uliletwa na mbunge mhafidhina wa Ontario, Philip Lawrence, ukafa uchaguzi ulipoitishwa 2021. Wa pili, C-234, uliletwa na Ben Lobb wa Huron–Bruce, eneo la mashamba makubwa magharibi ya hapa Toronto. Afisa wa Bajeti wa Bunge alikadiria kwamba ungewaokolea wakulima karibu dola bilioni moja hadi 2030–31. Bunge la chini liliupitisha Machi 2023 kwa kura za vyama vya upinzani na Waliberali wachache. Mwezi Oktoba Trudeau mwenyewe alisimamisha tozo kwa mafuta ya kupashia joto nyumba, nafuu ambayo wengi waliiona imeshonewa majimbo ya Atlantiki, na wakulima wakauliza kwa nini nyumba za huko na si mabanda ya huku. Hawakujibiwa vizuri. Mwezi Desemba Seneti iliyaondoa mabanda na vitalu nyumba katika muswada kwa tofauti ndogo ya kura, ikaacha ukaushaji nafaka, ukarudi bunge la chini na hapo ukakwama.

Si wakulima wote walioimba wimbo mmoja. Chama cha kitaifa kinachoitwa National Farmers Union kilikuwa kimetoa ripoti mwaka 2019 kikisema kwamba shida ya kipato cha mkulima na shida ya tabianchi zina mzizi mmoja, utegemezi wa mbolea, mafuta na mitambo ya kununua. Sauti hiyo ilisikika kidogo. Redioni ilikuwa rahisi zaidi kumweka mkulima upande mmoja na tabianchi upande wa pili, kana kwamba baridi iliyoua tufaha za 2012 ilikuwa rafiki yake.

Na mkulima wa Kitui je? Katika mijadala ya C-206 na C-234 suala lilikuwa la Kanada na gesi ya Kanada. Hatuwalaumu sana wabunge wa Ontario kwa kutomtaja, wana wapiga kura wao. Lakini mahindi yanakaushwa Ukambani pia. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani, mvua zilizokosa mpangilio na uhifadhi wa mahindi mabichi ndani ya nyumba vilileta mlipuko wa sumukuvu uliowapata watu 317, wakafa 125. Mahindi yale hayakupitia mashine yoyote. Yalianikwa juani, chini au juu ya turubai, na jua lilipokosekana hapakuwa na senti 3 wala 12 ya kubishania. Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa namna hiyo mwaka 2016. Kuvu kwa Mkanada ni hasara ya soko. Kwa jamaa zetu wengine ni msiba.

Kisha ukaja ukame. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo Kenya, Somalia na Ethiopia. Kundi la wanasayansi, akiwemo Mkenya Joyce Kimutai, lilikokotoa na kutangaza Aprili 2023 kwamba ukame wa aina hiyo umefanywa uwe na uwezekano angalau mara 100 zaidi na joto ambalo binadamu ameliongeza. Ni mwezi mmoja tu baada ya kura ya C-234. Gesi zinazotoka Kenya ni sehemu ndogo mno ya zile za dunia. Za Kanada ni karibu asilimia 1.5.

Mwezi Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi, wenyeji wao wakiwa Rais William Ruto na Umoja wa Afrika. Azimio lao lilitaka dunia iweke utaratibu wa kodi ya kaboni, ikiwemo tozo juu ya biashara ya mafuta, usafiri wa meli na wa ndege. Vyombo vya habari viliandika kama wazo jipya la Kiafrika. Msomaji wetu ameshaona kwamba shina lake liliota Toronto miaka 35 nyuma. Kipande cha meli kilikaribia kufaulu: Aprili 2025 shirika la kimataifa la usafiri wa majini liliafiki utaratibu wa kuzitoza meli, na Oktoba mwaka huo huo kura ya kuupitisha ikaahirishwa kwa mwaka mmoja. Ile mifuko iliyoundwa kati ya 1988 na leo, wa tabianchi wa 2010 na wa hasara na uharibifu uliokubaliwa 2022, inategemea hiari ya watoaji. Tozo ya nchi tajiri haimo.

Hapa Kanada Mark Carney aliapishwa tarehe 14 Machi 2025, na siku hiyo hiyo akaagiza tozo ya watumiaji ishushwe hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Aprili. Propani ya kukaushia mahindi ikawa huru bila C-234 kuhitajika. Wakulima wa Huron walipumua, na mabishano ya miaka sita yakazimika karibu usiku mmoja, pamoja na wazo lililoyazaa.

Kenya nayo imekuwa ikijaribu kukausha. Mwaka 2023 serikali ilianza kununua mashine 100 za kuhamishika za kukaushia nafaka ili zizungushwe katika maeneo ya mahindi, na bodi ya nafaka haipokei gunia lenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Lori linaloikokota mashine hadi kijijini hutumia dizeli. Julai 2023 VAT ya dizeli hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16.